Laki tatu inatosha, lakini wewe utakula wapi?

Desemba iliyopita, siku ya tatu tangu nitue Nakuru, mtoto wa jirani yetu pale Section 58 alinijia na daftari la shule. Ana miaka 24, ana diploma ya mambo ya hoteli, na kazi hajapata. "Anko, laki tatu inatosha kufungua biashara?"

Alikuwa ameandika kila kitu. Kibanda cha chipsi karibu na steji, fundi, rangi, jiko la gesi, friji ya soda, til ya M-Pesa. Ukurasa wa pili ulikuwa wa mapato. Sahani 100 kwa siku, kila sahani shilingi 120, ni 12,000. Mara siku 30, ni 360,000 kwa mwezi. Akatoa viazi, mafuta na mshahara wa kijana wa kumenya, akabaki na kitita cha kununua gari la Probox kabla ya Pasaka.

Nikatafuta kwenye ile hesabu mahali alipoandika chakula chake mwenyewe, nauli yake, kodi ya chumba chake. Sikupaona. Jumanne ya mvua haikuwemo. Njaanuari, ile Januari ya mifuko mitupu, haikuwemo.

Sikumcheka, maana mimi nimeandika madaftari kama hilo mawili, moja la Nakuru na moja la Leeds, Uingereza, ninakoishi, na yote mawili nimeyalipia.

La Nakuru lilikuja kwanza. Ilikuwa mwisho wa 2021, wakati mji ulipokabidhiwa hati ya kuwa jiji, Desemba 1. Kwenye simu na binamu yangu tulizungumza kana kwamba hati ile ingeshuka na wateja wake. Nilituma 280,000. Kati ya hizo, 80,000 ziliishia kwenye gudwili, yaani pesa ya kumwondoa aliyekuwemo kwenye kibanda, nawe huachiwi hata msumari. Kodi ya miezi miwili mbele, leseni ya kaunti, vyeti vya afya, karai, jiko, meza. Tulipofungua, mtaji uliobaki ulikuwa wa wiki mbili hivi, na tulifurahi kama watu waliomaliza kazi.

Imani yetu kubwa ilikuwa viazi. Nakuru imekaa katikati ya viazi: Molo kule, Mau Narok kule, Njoro hapo tu. Nani atatushinda kwa bei? Sasa, viazi vyetu vingi ni Shangi. Vinazaa sana na vinaiva haraka, ila havikai. Wiki chache stoo vimeshachipua. Kwa hiyo wakati wa mavuno, gunia likiwa la bei ya kutupa, huwezi kujaza chumba ukangoja. Msimu ukipita unanunua kwa bei ileile ya mtu wa mbali, tofauti ni nauli tu. Na katika kila gunia unalipia maganda, mawe mawili matatu, na vile vidogo vya katikati visivyokatika chipsi.

Kisha mafuta. Februari 2022 Urusi ikaingia Ukraine, na ile alizeti ya huko ikakosa njia ya kutoka. Mwishoni mwa Aprili Indonesia ikazuia mawese yake yasiuzwe nje kwa wiki kadhaa. Mafuta yetu ya kupikia mengi ni mawese ya huko na ya Malaysia. Binamu alikuwa akinitumia bei ya mtungi wa lita 20 nami namjibu, "Hebu nitumie picha ya risiti." Sahani haikuweza kupanda bei, kwa sababu mteja wa steji anajua chipsi ni pesa ngapi na kibanda cha jirani kiko hatua sita. Kilichopungua ni chipsi zenyewe. Siku moja alinipigia simu ya video mvua ikinyesha, saa mbili usiku, akaelekeza kamera kwenye sahani. Nilizihesabu. Zilikuwa ishirini na tatu, na tomato sosi ikizunguka kuficha aibu. Siku nzima alikuwa ameuza sahani kumi na moja.

Mwezi wa saba tulifunga. Kulikuwa na pesa ambazo hazikuonekana kwenye til wala kwenye bidhaa, kama 40,000 hivi, nami nikamwita binamu yangu mwizi. Nilimwita hivyo kwenye kikundi cha familia, watu wote wakisoma. Mama akaondoka kwenye kikundi bila neno. Kwa anayemjua mama, hilo lilikuwa neno.

Mpango wangu naye ulikuwa hivi: mimi natoa mtaji, yeye anatoa kazi, faida tunagawana nusu kwa nusu. Mshahara sikumwekea. Nilisema atakula faida. Nikiwa Leeds, tumbo limejaa, mpango huo ulisikika kama haki tupu.

Miaka miwili baadaye nikaandika daftari la pili.

Kwa makaratasi, Uingereza inakudekeza. Biashara ya chakula unaiandikisha kwa halmashauri ya mji siku 28 kabla ya kufungua, kwenye intaneti, bila kulipa chochote. Ukiingiza chini ya pauni 1,000 kwa mwaka, watu wa kodi hawahitaji hata kusikia habari zako. Kanjo, yaani askari wa kaunti wa kukukimbiza, hayupo. (Ila jambo moja: wakati huo nilikuwa na ukaazi wa kudumu. Aliye na viza ya masomo haruhusiwi kujiajiri, hata kwa mandazi ya kuuza baada ya ibada. Usisikize wanaokwambia hakuna anayeangalia.) Alikuja mama mmoja mkaguzi, akaingiza kipimajoto chake ndani ya friji yetu, akasimama kimya akitazama picha ya flamingo niliyoibandika mlangoni. Sheria inataka isizidi nyuzi 8. Yetu ilikuwa 5. Akauliza kuhusu vile vitu 14 ambavyo lazima mteja aambiwe kwa ajili ya mzio, nikamwonyesha karatasi yangu: ngano ipo, maziwa hayapo. Baada ya muda ikaja stika ya usafi yenye namba 5, alama ya juu kabisa. Nikaiweka status. Siku hiyo nilijiona tajiri, na sikuwa nimeuza chapati hata moja.

Kanisani walikuwa wameniambia nitauza mpaka nichoke, eti Leeds nzima hakuna chapati. Leeds ina familia za Kipakistani zilizokuwa zikisukuma chapati kabla babu yangu hajaona unga wa ngano. Na hao wa kanisani walikuja kweli, Mungu awabariki, kila mmoja akitaka bei ya nyumbani.

Jumamosi moja ya Juni 2024 niliuza kila nilichobeba, chapati na maharage ya nazi, nikarudi na vyombo vitupu. Usiku ule mke wangu alikuwa zamu hospitalini. Nikakaa mezani peke yangu na kalamu. Mauzo pauni 150. Meza ya soko 45. Unga, mafuta, maharage, nazi 38. Vibweta na karatasi za kufungia 12. Petroli na maegesho 16. Sehemu ya bima 8. Zikabaki pauni 31. Nikahesabu saa: kukanda Ijumaa usiku, kuchoma alfajiri, kusimama sokoni, kuosha. Kumi na nne. Pauni mbili na senti kwa saa, katika nchi ambayo kima cha chini mwaka huo kilikuwa pauni 11.44. Na hiyo ilikuwa siku nzuri! Siku ambayo kila kitu kiliisha!

Hapo ndipo nilipomkumbuka binamu.

Chapati zangu hazikuwa zikinilisha. Ghala nilikokuwa nikifanya zamu za usiku ndilo lililokuwa likinilisha mimi, na kuzilisha chapati pia. Biashara ilikuwa inajifunza kutembea, nayo ilikuwa na mzazi. Kule Nakuru nilimpa binamu mtoto asiye na mzazi, nikamwambia ale kutoka kwa huyo mtoto. Mtu akiambiwa ale faida, na faida haipo, atakula mtaji. Ana watoto wawili. Miezi saba, 40,000, gawanya mwenyewe: si mia mbili kwa siku. Ningekuwa mimi ningekula zaidi.

Nilimpigia. Mazungumzo yale nitayaacha yawe yetu.

Tukiwa majuu tunapenda kusema nyumbani biashara ni ngumu kwa sababu ya kanjo, hongo, stima kupotea. Hayo yapo. Lakini nimeona upande wa pili wa hesabu na sidhani kwamba huku biashara hudumu sana. Takwimu za Uingereza zenyewe zinaonyesha kati ya biashara kumi zinazoanza, zinazofika mwaka wa tano ni nne hivi. Kenya, utafiti wa KNBS, shirika la takwimu la taifa, wa 2016 ulihesabu biashara ndogo milioni 2.2 zilizokuwa zimefungwa ndani ya miaka mitano. Tofauti ninayoiona mimi ni kule unakoangukia. Mimi chapati zilipoisha niliongeza zamu mbili ghalani. Binamu yangu kibanda kilipoisha hakukuwa na ghala.

Na kuna jambo moja ambalo kweli linaniudhi. Uingereza mfanyabiashara mdogo hutozwa kodi ya mapato kwa faida, na kwa kawaida faida hiyo ikijumlishwa na mshahara lazima ipite pauni 12,570 kwa mwaka kwanza. VAT haimhusu kwa lazima mpaka mauzo yapite pauni 90,000. Kenya, ukipitisha mauzo ya milioni moja kwa mwaka, unaingia kwenye kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Ya mauzo, si ya faida. Milioni moja inasikika kubwa, sivyo? Ni sahani 23 za shilingi 120 kwa siku. Kijana wa daftari, kwa ndoto yake ya sahani 100, alikuwa anadaiwa karibu 130,000 kwa mwaka, na hakuwa ameiandika popote. Mwaka wa hasara nao ungedaiwa.

Mama yangu aliuza sukuma na nyanya Free Area zaidi ya miaka ishirini. Nikiwa kidato cha tatu, nimeanza kujua mambo ya darasa la biashara, nilimuuliza kwa nini hapanui, kwa nini kibanda kimebaki kilekile. Alikuwa anakata sukuma, hakuinua kichwa. Alisema, "Kipanuke kiende wapi?" Nilidhani ni jibu la mtu asiyesoma. Sasa nikikumbuka: alikuwa na kipande cha shamba Bahati kilichotupa mahindi na maharage, kwa hiyo hatukula kutoka kibandani. Ada ya shule ilitoka kwenye chama cha kuchangishana cha Ijumaa. Aliyemletea nyanya alimwachia asubuhi akachukua pesa jioni, mtaji wa mtu mwingine ukilala kwetu mchana kutwa. Kibanda kilikuwa kikilipa deni lake na kubakisha kidogo, basi. Hakuwahi kukitegemea peke yake hata siku moja.

Kwa hiyo nilichukua kalamu ya yule kijana. Nikaandika shilingi 500 kwa siku, siku 180, ni 90,000, nikazizungushia duara: hizi ni zako, za kula, usizitie kwenye karai. Nikaandika kodi ya kibanda miezi sita, 60,000. Zikabaki 150,000 za kuanzia. Nikafuta friji. Sahani 100 nikazifanya 30. Januari nikaipiga mstari mzima.

Aliitazama karatasi kama mtu aliyeletewa matokeo ya mtihani. "Anko, hiyo si biashara," akasema. "Hiyo ni kibarua."

Sikuwa na jibu zuri. Inaweza kuwa kweli, kwa mwaka wa kwanza, hata wa pili. Wala sikumwambia asifungue. Nilimpa soda, akaenda na daftari lake kwapani, na mama akaniambia nimemvunja moyo mtoto wa watu.

Mwezi wa tatu akanitumia picha. Hakuna kibanda wala rangi. Ni mwavuli wa kampuni ya simu, jiko la makaa, karai la bajia, na ndoo ya viazi vilivyokwisha kumenywa, nje ya geti la ploti wanayoishi. Kwa mama yake, anakokula bure. Chini ya picha ameandika: "Anko, leo 1,450. Lakini watu wa ploti wanataka kukopa mpaka mwisho wa mwezi. Nifanyeje?"

Nilianza kuandika jibu mara tatu nikifuta. Mwishowe nikamtumia namba ya mama.