Spana Haitembei Peke Yake

Jamani leo niacheni niseme. Hivi Pasua nzima hapa Moshi, nyumba zote hizi, pikipiki zote hizi zinazotuamsha saa kumi alfajiri, inakuwaje hakuna mwanaume mwenye spana namba kumi na tisa? Ya namba kumi ndio kabisa, hiyo haina mwenyewe, ukiinunua asubuhi jioni iko kwa jirani na jirani anaapa alizaliwa nayo.

Cheni yangu ilianza visa tangu masika, kraka kraka inagonga kava, mi nikaongeza sauti ya redio ya simu nikaona nimeitengeneza. Sasa juzi napandisha Kibosho na mabegi mawili ya viatu vya mtumba, ikaruka meno, pikipiki ikawa inaunguruma kama mgombea ubunge, kelele nyingi hatusogei. Kuangalia sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, meno yamechongoka na kulala upande mmoja kama migomba baada ya upepo. Hapo hata usijidanganye ubadilishe cheni peke yake, sproketi mbovu itaila hiyo mpya hujamaliza hata kujisifu. Nikanunua seti nzima, cheni saizi 428 na sproketi zote mbili. Fundi kanitajia hela yake ya ufundi nikamwangalia kwa dharau, nikamwambia mimi ni baba mwenye familia, nitafunga nyumbani. Muuzaji naye akanijaza, "hiyo bro dakika ishirini tu."

Dakika ishirini za nani?

Nikaangalia video. Mzungu ana stendi ya kunyanyulia tairi, ana spana zimepangwa ukutani kuanzia kubwa mpaka ndogo kama kwaya, ana kifaa cha kukatia cheni, mpaka kifaa cha kupimia umekaza nati kiasi gani, na glovu nyeupe. Mi nina kreti ya soda chini ya injini, nyundo yenye mpini wa fagio, na bisibisi ambayo mama watoto anafungulia kopo la nyanya. Ila nilianza kwa heshima, sproketi ndogo bolti zake mbili nikazilegeza cheni ya zamani ikiwa bado imevaliwa, mtoto kakanyaga breki, maana ukishatoa cheni inazunguka tu inakucheka. Nilitumia plaizi. Msiniulize vichwa vya bolti sasa hivi viko umbo gani.

Ikabaki nati ya ekseli ya nyuma, kumi na tisa. Nikaenda kwa babu jirani, mstaafu wa reli.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unataka nini?"

Hata habari za nyumbani hakuna.

"Naomba spana kumi na tisa, nabadilisha cheni."

"Cheni ilifanyaje? Ulikuwa unaipaka oili?"

"Nilikuwa napaka."

"Oili gani?"

Nikanyamaza. "Oili gani kijana?"

"Ile chafu, ya kumwaga."

Babu akafumba macho kama kapewa taarifa ya msiba. "Oili chafu na vumbi la Pasua, huo si ndio msasa? Umeisugua mwenyewe mpaka ikafa, halafu unakuja kwangu."

Akaingia ndani, nikajua anafuata spana, katoka na daftari. Kaunta buku ile ngumu. Akavaa miwani akaanza kunisomea, nani ana jeki, nani ana ngazi, nani alichukua msumeno 1998 "akafariki nao." Nimesimama juani kama shahidi wa kesi. Alipomaliza ndio akaingia tena, akaja na kitambaa, ndani ya kitambaa gazeti, ndani ya gazeti spana. Naiangalia imeandikwa 3/4.

"Babu hii siyo."

"Robo tatu ya inchi ni milimita kumi na tisa na kaunywele. Hii ilikuwa inafungua mabehewa wewe hujazaliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 77 wakubwa waligombania mabehewa na ndege, mimi nikaondoka na hii."

Nikaomba na ya pili, maana ekseli inazunguka, lazima moja ishike huku nyingine ifungue kule. Kosa kubwa. "Ya kwanza hujairudisha unataka ya pili?" Basi nikanyoosha mkono nipokee hiyo moja, akairudisha kifuani. "Spana yangu haitembei peke yake." Akachukua kofia, fimbo na tochi, tukaondoka watatu, mimi, yeye na spana.

Kufika kwangu kapewa kiti, kapewa chai, spana iko mapajani. Nashika upande mmoja na plaizi, ananikabidhi spana, nazungusha mara tatu, ananyoosha mkono. "Pumzisha kwanza." Nimpumzishe nani babu, ni CHUMA! Wallahi nati moja imechukua muda wa misa ya kwanza.

Cheni mpya nayo ndefu. Nikailaza sambamba na ile ya zamani nikate zilingane, babu akagonga fimbo: ya zamani imevutika, usipime urefu, hesabu pingili. Tukahesabu. Mimi 116, babu 118, mama watoto kapita na beseni akahesabu kwa macho akasema 117, nikamwambia 117 haiwezekani, cheni inayofungwa kwa loki lazima pingili ziwe namba shufwa, akanijibu basi hesabu mwenyewe na chakula ujipikie. Ilikuwa 116. Pini ya pingili ya kukatia nikaisaga kwenye jiwe la kunolea nikaisukuma kwa msumari wa inchi sita, umeme ulishakatika, giza linaingia.

Halafu loki, kile kiklipu kama kasamaki kadogo, mkia wenye uwazi unatakiwa uwe nyuma, kichwa kiangalie cheni inakokwenda. Kikaruka kwenye plaizi, tii. Nikapiga magoti, mtoto kapiga magoti, mama watoto naye kasahau ugomvi, tumepepeta vumbi la uwanja mzima kama dagaa, babu anatumulika na tochi kutoka kwenye kiti. Nusu saa! Mwisho ananyanyua kiatu taratibu. "Kipo hapa. Nilikikanyaga kisipotee."

Sikujibu. Nilikaza kila kitu kimya, hapo pia akanifungulisha upya, eti cheni imekaza kama uzi wa gitaa, iache icheze kama sentimita tatu katikati. Akala na sisi, finyango langu likahamia sahani yake kwa heshima ya ugeni, saa tatu akaifunga spana kwenye gazeti, gazeti kwenye kitambaa, akaenda.

Tochi kaisahau. Asubuhi sijanawa uso mjukuu wake yuko mlangoni, babu anasema tochi. Nimemrudishia palepale. Saa nne yuko tena mlangoni, babu anauliza betri zilikuwa mbili, mbona anaona kama zimebadilishwa.