Ukuta wa Matumbawe na Paa la Zege: Maji Yazuiwe au Yapewe Njia?

Kila masika yakikaribia, simu za watu wa Mombasa huanza kuletewa tangazo la sura moja. Fundi amepiga magoti juu ya paa, mkononi ana moto wa gesi, mbele yake rola ya lami nyeusi inafunguka kama mkeka. Chini pameandikwa kwamba wanaziba uvujaji wa aina zote, nyumba ya zamani au mpya, dhamana miaka 10. Watapruf, kama mafundi wenyewe wanavyoiita, imekuwa kazi inayolisha watu wengi mjini, nami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye hilo neno dogo, "au".

Ghorofa la Nyali na nyumba ya mawe ya matumbawe ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, hunyeshewa na mvua moja inayosukumwa na kusi, lakini hazilowi kwa namna moja. Zege lina nondo ndani. Maji yenye chumvi yakizifikia, zinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Zege halinyumbuliki, linapasuka. Tazama roshani za ghorofa zinazoelekea bahari: pale chini zege limebanduka, nondo zimetokeza kama mbavu. Jengo la namna hiyo ni la kuzuiliwa maji, tena mapema.

Nyumba ya matumbawe haina nondo. Jiwe lenyewe lina vitundu tele, limeshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Linanyonya mvua asubuhi, na alasiri upepo ukipita uchochoroni linaitoa. Ngomeni, yaani Fort Jesus, ukuta ambao Wareno walianza kuujenga 1593, umepigwa na bahari na mvua zaidi ya karne nne kwa utaratibu huohuo wa kulowa na kukauka.

Kichekesho ni kwamba chokaa na saruji yetu ni ndugu wa tumbo moja. Kiwanda cha Bamburi kilichoanza kutoa saruji 1954 kilikuwa kikichimba matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, mawe ya ukoo mmoja na yaliyojenga Mji wa Kale. Ukiyachoma kwa nyuzi kama 900 unapata chokaa. Ukiyachanganya na udongo, ukafikisha moto nyuzi 1,450 hivi, unapata saruji. Mmoja alitoka mpole, mwingine akatoka mkaidi.

Mwaka juzi nilikuwa nyumbani kwa khalati yangu, Kibokoni, mumo humo Mji wa Kale. Miaka mitatu kabla ya hapo kampuni moja ilikuja, ikabandua plasta yote ya chokaa ya chumba cha chini, ikapiga saruji yenye dawa ya kuzuia maji, ikamalizia kwa rangi ya plastiki inayong'aa. Mwaka mzima ukuta ulikuwa mkavu, wapendeza, na khalati alituonyesha kila tulipokwenda kumwamkia. Mwaka wa pili ukaanza kuota malengelenge. Wa tatu, unyevu ukatokea mahali ambapo haukuwahi kuonekana: juu, karibu na dari, pale ncha za boriti zinapoingia ukutani.

Fundi mzee tuliyemwita aliugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akasogea hatua, akagonga tena. Ulilia kama debe tupu. Akaingiza ncha ya mwiko, na kipande cha plasta kikubwa kama sinia kikaanguka kizima. Nyuma yake ukamwagika unga mweupe. Akaudokoa kwa kidole, akautia ulimini.

"Onja, mwanangu."

Nikaonja. Chumvi tupu.

"Hii ilikuwa yataka kutoka nje," akasema, "nanyi mkaifungia mlango."

Maelezo yake hayapingani na ya wataalamu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya jiwe kama mafuta yanavyopanda utambi. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuacha chumvi. Plasta ya chokaa ikiwepo, chumvi huila hiyo, plasta inachakaa badala ya jiwe, na baada ya miaka unaipiga upya. Saruji ikiziba uso, maji hayarudi chini, yanapanda zaidi kutafuta pa kutokea. Chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Maji nayo yanafika kwenye boriti, na boriti iliyolowa ni karamu ya mchwa. Kwa hiyo ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, Mji wa Kale inaweza kugeuka: walioziba kwa saruji ndio wanaojenga ukuta.

Na si kampuni peke yake. Mwaka 2018 kaunti ilipotaka majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na samawati, watu walibishana wiki nyingi kuhusu samawati ipi. Nilisikia wachache sana wakiuliza kama kopo lina chokaa au plastiki, na kwa ukuta wa matumbawe hilo ndilo swali.

Wahifadhi wakisikia kisa kama hiki hupiga makofi. Ningependa wasipige kwanza. Nyumba zile hazikudumu kwa sababu chokaa ni dawa ya milele. Zilidumu kwa sababu kila mwaka, aghalabu kabla ya mfungo, mtu alipanda na ndoo na brashi akazipaka upya. Paa zake zilisakifiwa, yaani kokoto na chokaa zilitwangwa kwa vipande vya miti siku nyingi mfululizo mpaka zikashikana. Nani ana watu wa kutwanga paa siku nyingi leo, na nani atawalipa? Chokaa nzuri huzimwa kwa maji ikalazwa miezi kabla ya kutumiwa. Mafundi wanaoijua wanahesabika. Boriti za mikoko nazo si za kuokota: amri ya serikali ya 2018 ya kusimamisha ukataji miti iliwagusa hata wakataji mikoko wa Lamu.

Ongeza suala la nani mwenye nyumba. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni wakfu, au ni mirathi ambayo haijagawanywa, warithi kumi na wanane, wengine Jeddah, wengine Toronto. Mpangaji aliyepanga ndoo sita sebuleni hawezi kungoja warithi wakubaliane wala chokaa iive. Kampuni inakuja Jumatatu, inaondoka Alhamisi, na anaacha kulala kwa zamu. Anayemwambia mtu huyo kwamba ukuta wake lazima upumue ajue kwamba mtoto anayekohoa kwa ukungu wa ukutani naye anataka kupumua. Ucheleweshaji una bei yake. Beit al-Ajaib, jumba la zamani la masultani wa Zanzibar, iliyojengwa 1883, ilikuwa tayari na mafundi ndani yake wakiikarabati ilipoanguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu wawili.

Kwa hiyo mimi nagawa nyumba ya zamani vipande viwili. Paa nawaachia watu wa watapruf, kwa masharti. Maji ya paa yanatoka juu tu, hayapandi kutoka ardhini, na paa likivuja hakuna chokaa ya ukutani itakayookoa kitu. Mabati yaliyotokeza vizuri nje ya ukuta, au dawa ya kupaka isiyohitaji moto, hayanisumbui. Moto wa gesi juu ya boriti kavu za miaka mia unanisumbua sana. Kuta, hasa za chini, wasiziguse kwa saruji wala plastiki. Najua kuna watu wa hifadhi watakaoniona nimeuza paa. Nimeliuza ili nyumba ibaki.

Upande wa majengo mapya nilidhani mambo yangekuwa mepesi, maana pale lami na zege havina ugomvi. Nikapanda paa la ghorofa moja Tudor ambalo wakazi wa juu walikuwa wakilalamika, mwaka wa pili tu baada ya kulipa. Lami ilikuwepo, ya milimita 4, na maungio yamelaliana vizuri. Katikati ya paa, dimbwi. Slebu, yaani zege la paa, ilimwagwa bapa, bila mwinamo wa kupeleka maji kwenye bomba, na bomba lenyewe lilikuwa limezibwa na majani ya mwarobaini na mfuko wa maziwa. Pembeni, fundi wa dishi alikuwa ametoboa lami kwa boliti nne. Alikuja baada ya kazi kwisha, hakuuliza mtu. Kuzunguka tangi, lami ilikuwa imevimba kama maandazi, dalili kwamba ilibandikwa juu ya zege lenye unyevu: jua lilipowaka mvuke ukatafuta njia, haukuipata. Ni kisa kilekile cha Kibokoni, ila safari hii maji yalifungiwa ndani ya zege.

Kipimo kinachotenganisha kazi nzuri na mbovu ni rahisi kukieleza. Unaziba mabomba, unajaza maji juu ya paa, unayaacha saa 24 au zaidi, unashuka kutazama dari. Paa la mita za mraba 200 likijazwa sentimita 5 linakula lita 10,000. Sasa mwambie mwenye ghorofa wa Mombasa, anayenunua maji kwa lori wakati mifereji imekauka, amwage lori zima juu ya paa ili ajaribu kazi. Atakuambia mvua itajaribu. Mvua hujaribu kweli, lakini fundi ameshalipwa.

Ndiyo maana karatasi ya dhamana nimejifunza kuisoma kuanzia chini. Miaka 10 imeandikwa kwa herufi kubwa. Kwa herufi ndogo utakuta haihusu matundu yaliyotobolewa na wengine, maji yaliyotuama, wala nyufa za jengo lenyewe, yaani karibu kila sababu inayofanya paa la hapa livuje. Kwa haki ya kampuni, haziwezi kubeba dhambi za aliyemwaga slebu bapa. Lakini zinaweza kukataa kazi mpaka mwinamo utengenezwe, na zinazokataa nimezisikia mbili tu. Tena wakazi nao wana lao: sheria ya 2020 ya umiliki wa nyumba ndani ya ghorofa inalihesabu paa kwa kawaida kuwa mali ya wote, ila wa ghorofa ya kwanza halimvujii, na mchango wake huchelewa.

Kibokoni, tulimrudisha fundi mzee. Alibandua saruji mpaka usawa wa bega, akauacha ukuta uchi kaskazi yote ukauke, kila wiki akiufagia chumvi kwa brashi kavu. Kisha akapiga chokaa, mikono mitatu myembamba. Juu tuliweka mabati mapya. Mvua kubwa ya Mei ilipopiga Jumamosi, ukuta ulibadilika rangi kama kitambaa kilichomwagikiwa chai. Khalati akanipigia simu amekasirika. Jumanne ulikuwa umekauka. Hata hivyo kila nikienda ananikumbusha kwamba ile rangi ya kung'aa ilikuwa nzuri zaidi, na kwamba chokaa inamchafua buibui akipita.