Nani anamsamehe nani? Scott Frost na mashabiki wa Nebraska

Julai 2025, Scott Frost, kocha wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Central Florida (UCF), aliulizwa na waandishi wa habari kuhusu uamuzi wake wa mwaka 2017 wa kukiacha chuo hicho na kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Nebraska. Akajibu kwamba alivutwa akakisaidie chuo alichosoma, kwamba hakuwa na hamu hasa ya kwenda, na kwamba uamuzi ule haukuwa mzuri. Nebraska kukawaka moto. Watu waliomvumilia misimu minne na ushei akipoteza mechi, wakamlipa mamilioni akiwa kazini na mamilioni mengine alipofukuzwa, sasa wanasikia kwamba hata kuja hakutaka. Hana shukrani, wakasema.

Ukianza kuhesabu mwaka 2017, wana haki. Lakini kitabu cha madeni kati ya Frost na Nebraska kilifunguliwa miaka 20 kabla ya hapo, na ukurasa wa kwanza haukuandikwa na yeye.

Frost ni mtoto wa nyumbani hasa. Alikulia Wood River, kamji kadogo katikati ya jimbo. Baba yake aliichezea Nebraska. Mama yake alirusha kisahani kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Alipomaliza sekondari mwaka 1993 akachagua Stanford, California, akacheze chini ya kocha Bill Walsh. Nyumbani wakaliita hilo usaliti. Miaka miwili baadaye akarudi, akakaa nje msimu mzima kwa kanuni za uhamisho, na mwaka 1996 akakabidhiwa nafasi ya kwotabeki, yule anayeupokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua uende wapi. Aliyemtangulia, Tommie Frazier, alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa taifa mara mbili mfululizo. Mechi ya pili tu ya Frost, Nebraska ikalala 19-0 kwa Arizona State, na mlolongo wa ushindi wa mechi 26 ukakatika hapo. Msimu ukaisha kwa kushinda 11 na kupoteza mbili. Vyuo vingi vingefanya sherehe. Lincoln, mji wa chuo hicho cha Nebraska, ilikuwa kama matanga.

Kisha ikaja tarehe 13 Septemba 1997. Nebraska ilikuwa nyumbani, na mgeni, kwa kejeli ya ratiba, alikuwa UCF hiyohiyo. Wageni walikwenda mapumziko wakiongoza. Ndipo sehemu ya uwanja ikaanza kumzomea kijana wao wenyewe. Nebraska ilishinda 38-24, lakini si matokeo yaliyokumbukwa. Wiki iliyofuata timu ikasafiri hadi Seattle, ikaifunga Washington 27-14, Frost akivuka mstari wa kufungia mwenyewe mara mbili. Zomeazomea ikafa hapo hapo. Msimu ukaisha bila kupoteza hata mechi moja, Tennessee ya Peyton Manning ikachapwa 42-17 kwenye Orange Bowl, moja ya mechi kubwa za kufunga msimu, na ubingwa wa taifa ukagawanywa kati ya Nebraska na Michigan.

Kutoka kuzomewa hadi kubebwa juu juu: siku saba. Hakuna barua iliyoandikwa, hakuna aliyesimama akasema tulikosea. Kilichobadilika ni ubao wa matokeo. Hadithi hii husimuliwa Marekani kama mfano wa kijana aliyeupata tena moyo wa mashabiki, na mimi kila ninapoisoma hujiuliza mbona kazi yote ya kupatana alifanya mtu mmoja, naye ndiye aliyekosewa.

Haki itendeke kwa Nebraska. Jimbo lile halina timu ya ligi kuu ya kulipwa katika mchezo wowote mkubwa. Lina timu ya chuo, basi. Tiketi za Memorial Stadium, uwanja wa timu hiyo, zimeuzwa zote, kila mechi ya nyumbani, tangu Novemba 1962. Familia hurithishana viti. Mtu anayeendesha gari mwendo wa saa nne au tano kila Jumamosi ya msimu ana madai fulani juu ya anachokwenda kukitazama, na asiyezomea popote pengine hajali chochote. Tena ni watu wastaarabu, si maneno matupu: timu ngeni inapotoka uwanjani, ishinde ishindwe, mashabiki waliokaa jirani na njia ya kuingilia vyumbani husimama na kuipigia makofi. Juu ya milango wameandika kwamba hapa hupita mashabiki bora kuliko wote katika mpira wa vyuo. Desturi hiyo ndiyo inayofanya jambo la 1997 liume zaidi. Mgeni ana uhakika wa makofi. Mwenyeji anayafanyia kazi.

Na Frost kocha? Hapo sina ugomvi na wazomeaji. Alirudi Desemba 2017 akitoka kuijenga UCF iliyokuwa imepoteza mechi zote 12 mwaka 2015 hadi ikashinda zote 13. Aprili 2018 watu 86,818 walijaza uwanja kutazama timu yake ikicheza yenyewe kwa yenyewe, mechi ya mazoezi. Kisha yakaja matokeo: ushindi 16, kupoteza 31, na katika mechi zilizoamuliwa kwa pointi nane au pungufu, ushindi 5 dhidi ya vipigo 22. Siku moja baada ya kufungwa 45-42 na Georgia Southern, Septemba 2022, akafukuzwa. Chuo kingesubiri wiki tatu tu, gharama ya kuvunja mkataba ingeshuka hadi nusu. Kikaamua kulipa takriban dola milioni 15 siku hiyo hiyo. Uchovu wao ulikuwa na bei, na waliilipa. Mtu mzima mwenye mkataba wa namna hiyo azomewe tu.

Ila tusiwachanganye watu wawili kwa kuwa wana jina moja. Frost wa 1997 alikuwa na umri wa miaka 22. Enzi hizo mchezaji wa chuo alipata ada, malazi na chakula, na kanuni zilimkataza kulipwa kwa kucheza. Zaidi ya hapo, na hili msomaji aliyezoea soka la klabu hulipita haraka, mchezaji wa kulipwa akizomewa hufunga geti la nyumba yake. Mwanafunzi hana geti. Jumatatu yupo darasani na waliokuwa jukwaani, mezani wanakula pamoja, maktaba ni moja.

Watetezi wa mashabiki wana jibu moja la haraka: ni wachache tu. Na takwimu zinawaunga mkono, au zinaonekana hivyo. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, mwaka 2024 ilitoa matokeo ya utafiti wa maneno yaliyoelekezwa mtandaoni kwa wanamichezo zaidi ya 3,000, makocha na waamuzi, wakati wa mashindano makubwa ya msimu, fainali ya mpira wa Kimarekani ikiwemo. Maandishi zaidi ya milioni 1.3 yalichunguzwa. Yaliyothibitika kuwa matusi, ubaguzi au vitisho yalikuwa zaidi kidogo ya 5,000. Gawanya: haifiki hata nusu ya asilimia moja.

Nimeigeuza namba hiyo mara nyingi, na kila upande ina sura nyingine. Kwa msemaji wa chuo ni habari njema. Kwa mchezaji haina maana yoyote, kwa sababu matusi hayagawanywi sawa kama posho. Beki wa akiba aliyekaa benchi dakika zote hapati hata moja. Mfungaji aliyetikisa nyavu za wenzie hapati pia, siku hiyo. Yanamwendea mmoja, aliyekosa, tena ndani ya saa chache, na yeye hana namna ya kuyasoma kama sehemu ya milioni 1.3. Anayasoma kwenye simu moja. Wastani ni wa chuo. Mzigo wote ni wa mtu. Hata uwanjani ni vivyo hivyo: wakizomea elfu tano kati ya sabini na tano elfu, wale elfu sabini walionyamaza hawasikiki.

Mchukue Cade Foster. Novemba 30, 2013, timu ya chuo cha Alabama ilikuwa ugenini kwa Auburn, mechi ya watani wa jadi. Foster, mchezaji wa Alabama aliyevaa jezi namba 43, kazi yake ilikuwa kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya nguzo. Mpira wa kwanza, yadi 44, ukatoka nje. Wa pili aliupitisha, lakini wenzake walikuwa wamefanya kosa kabla ya mpira kuchezwa, ukarudiwa kutoka mbali zaidi, akakosa. Wa tatu ukazuiwa na wapinzani. Sekunde moja ikibaki, kocha alimtuma mpigaji mwingine ajaribu kutoka yadi 57. Mpira ukawa mfupi, Chris Davis wa Auburn akaudaka nyuma kabisa na kukimbia nao uwanja mzima. Auburn ikashinda 34-28. Pigo la mwisho halikuwa la Foster, mbio zile hakuzisababisha yeye, na kosa la pigo la pili lilikuwa la wengine. Vitisho vya kuuawa vilimjia yeye.

Siku chache baadaye akapokea barua ya mkono kutoka kwa George W. Bush, rais wa 43 wa Marekani. Mistari michache: maisha yana mapigo yake, hilo mimi nalijua, lakini baada ya muda utakuwa imara zaidi. Akatia sahihi kama namba 43 mwingine. Ni kitendo kizuri na cha kiungwana. Nasikitika tu kwamba ndicho kinachokumbukwa, kwa sababu barua ya rais mstaafu inaifunga habari vizuri mno, na waliotuma vitisho wanatokea mlango wa nyuma bila kuulizwa kitu.

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya Blake O'Neill wa Michigan, Mwaustralia aliyekuja kwa msimu mmoja tu. Sekunde 10 zikibaki, timu yake ikiongoza, mpira ukamponyoka mikononi na Michigan State ikashinda 27-23. Mkurugenzi wa michezo wa chuo ikabidi aandike barua ya wazi kuwaomba watu wao wenyewe waache. O'Neill hakuwa na msimu mwingine wa kusawazisha mambo, wala hakuwa na Seattle yake kama Frost. Kama msamaha unanunuliwa kwa ushindi, hawa ni watu waliofika sokoni kumekwisha fungwa.

Boise State ilionyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Novemba 26, 2010, ikiwa imeshinda mechi 24 mfululizo, ilifungwa 34-31 na Nevada baada ya Kyle Brotzman kukosa mapigo mawili mafupi, la yadi 26 mwishoni mwa muda wa kawaida na la yadi 29 katika muda wa nyongeza. Mapigo hayo yaliiondoa timu kwenye ndoto ya mechi kubwa za Januari na fedha zake, ikaishia kwenye mashindano madogo ya Las Vegas. Vitisho vilikuja, kama kawaida. Lakini ndani ya siku chache mashabiki hao hao wakafungua kundi la Facebook kutangaza kwamba wanampenda Brotzman, na maelfu wakajiunga. Wakati huo hakuwa amefanya lolote la kujirekebisha. Wengine watasema ni kwa kuwa Boise ni chuo kidogo, hakijazoea ubingwa. Inawezekana, basi tatizo ni kuzoea ubingwa.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili leo ni fedha. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa wafanyabiashara, na tangu msimu wa 2025, kufuatia makubaliano ya mahakamani, chuo chenyewe kinaweza kugawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka huo wa kwanza. Kwotabeki maarufu sasa ni milionea. Shabiki anauliza: anayelipwa kama mtu mzima mbona asikosolewe kama mtu mzima? Nakubali zaidi ya nusu. Kuzomea mchezo mbovu wa anayelipwa ni haki kuliko ilivyokuwa 1997. Tofauti ni kwamba mpiga mateke bado ni mpiga mateke. Fedha nyingi haziendi kwake, na lawama bado zinajua anakokaa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko fedha za wachezaji ni fedha za wanaobeti. Mahakama Kuu ya Marekani ilifungua mlango wa kamari za michezo Mei 2018, na katika utafiti ule wa NCAA, asilimia 12 ya matusi yalihusiana na kubeti. Mtu ambaye mkeka wake umechanika kwa sababu ya yadi mbili hana jezi, hana kiti alichorithi, hana Jumamosi nyingine ya kukutana na mchezaji huyo. Kwa ubaya wake wote, shabiki wa Lincoln aliyezomea mwaka 1997 alikuwa na uhusiano wa kuharibu, kwa hiyo alikuwa na uhusiano wa kutengeneza. Huyu mpya anatukana na kuhamia mechi inayofuata.

Kwake yeye angalau kuna sheria. Ohio ilipitisha mwaka 2023 kifungu kinachoruhusu kumfungia kubeti anayetisha wanamichezo, na majimbo kadhaa yamepiga marufuku dau la mchezaji mmoja mmoja katika michezo ya vyuo. Mwenye tiketi ya msimu hafungiwi na kifungu chochote, wala sitaki afungiwe. Nebraska inaweza kuendelea kumkasirikia Frost kwa maneno ya Julai, ilimradi ikiulizwa alirudi nyumbani wapi, itaje na uwanja uliomzomea.