Wu Zetian na mizani ya waandishi wa historia

Nikisoma habari za Wu Zetian, mwanamke pekee aliyeitawala China kwa cheo cha kaizari, nakutana na maneno yale yale: mkatili, mwenye hila, muuaji wa mwanawe. Nikisoma habari za Taizong, mume wake wa kwanza, naambiwa hakuna kaizari wa nasaba ya Tang aliyemfikia kwa hekima. Taizong huyo aliwaua ndugu zake wawili penye lango la kasri liitwalo Xuanwu mwaka 626. Watoto wao wa kiume nao wakauawa, na haikupita hata nusu mwaka baba yake akamwachia kiti. Dhuluma hii ya mizani inanikera sana.

Wu aliingia kasri la Chang'an, mji mkuu wa Tang, akiwa msichana wa miaka kama 14, suria wa daraja la tano. Juu yake walikuwapo wake wakuu na wengine tele. Taizong alipofariki mwaka 649, masuria ambao hawakumzalia walinyolewa nywele na kupelekwa kwa watawa wa Kibuddha, wamalizie umri wao huko. Wu alikuwa hajamzalia, na ujana wake ndio kwanza umekolea.

Kaizari mpya, Gaozong, mtoto wa Taizong, alimpenda. Lakini aliyemsukuma amrudishe ni malkia Wang mwenyewe! Wang hakuwa na mtoto, na mke mwenzake, bibi Xiao, alikuwa amemteka mume, basi akaona bora aletwe wa tatu amfifishe huyo wa pili. Ndivyo malkia alivyoishi katika kasri lile. Cheo chake kilikuwa mikononi mwa mume na tumboni mwake mwenyewe, na vyote viwili havikuwa na dhamana. Mwaka 655 Wang alivuliwa umalkia, akapewa Wu. Wang na Xiao wakauawa kwa amri ya Wu, na hilo sitalitetea.

Ila kuhusu kwamba alimnyonga binti yake mchanga ili lawama zimwangukie Wang, siamini. Masimulizi marefu ya kisa hicho yamo katika historia rasmi iliyokamilika mwaka 1060, zaidi ya miaka 350 baada ya kifo chake, iliyoandikwa na maofisa wanaume walioona mwanamke kukalia kiti kile ni uchafu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Watoto wachanga walikufa wengi zama zile, hata makasrini.

Gaozong alipoanza kuugua mwaka 660, kazi nyingi za dola zilimwangukia mkewe. Mwaka 674 Wu alimpelekea mapendekezo 12, mojawapo likitaka mama aombolezwe miaka mitatu hata kama baba yu hai, heshima ambayo hadi hapo mama hakupewa baba akiwa hai. Mwaka 690 akajitangaza kaizari, akaanzisha nasaba yake ya Zhou mjini Luoyang, akatawala hadi alipopinduliwa mwaka 705, akiwa mzee na mgonjwa. Alipanua mitihani ya kuajiri maofisa, akampandisha Di Renjie, waziri aliyethubutu kumpinga usoni. Alilea pia wachongezi na watesaji kama Lai Junchen, na damu ya wasio na hatia ilimwagika. Mwaka 697 akaamuru Lai mwenyewe auawe, wengi wakiwa wameshaangamia.

Kisha yupo Shangguan Wan'er. Babu yake aliuawa mwaka 664 kwa kuandika rasimu ya amri ya kumvua Wu umalkia, na Wan'er akakulia kasrini kama mtumwa. Wu alikiona kipaji chake, akamfanya katibu wake, akamwachia kuandika amri za dola. Wanaosema Wu hakuwa na lolote ila kisasi wanieleze kwa nini kalamu ile ile iliyotaka kumwangusha aliikabidhi kwa mjukuu wa yule aliyeishika.