Nilivaa Makusudi

Jamani, ile voisi ya aibu iliyonipata kazini, inayozunguka kwenye magrupu, najua imeshawafikia, na aliyeirekodi ni mtu nakaa naye dawati moja kabisa, ila kaongeza chumvi. Sikucheza. Na wala sikumulika popote na ile taa ya slaidi. Mengine yote, haya, ni kweli.

Ni jana tu. Nilipewa saa nzima niongee na wafanyakazi wenzangu kuhusu saikolojia ya jamii, yaani kwa nini binadamu akiwa na wenzake anakuwa vile anavyokuwa, na nyie mnanijua mimi na haya mambo, nikasema leo sisomi slaidi, leo nafanya jaribio laivu.

Kuna utafiti ulitoka mwaka 2000, wa kina Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani. Mwanafunzi anavalishwa tisheti yenye sura ya mwanamuziki Barry Manilow, kitu ambacho kijana wa pale anaona aibu kuonekana nacho, anaingizwa kwenye chumba chenye wenzake, akitoka anaulizwa: wangapi wanaweza kumtaja aliye kwenye tisheti yako? Wavaaji wakakisia karibu nusu. Walioweza hawakufika hata robo. Kumbe kila mtu ana yake!

Basi mimi nikavaa shati ndani nje. Mishono yote nje, lebo inapepea shingoni. Mpango ulikuwa niongee weee, halafu niulize nani ameona kitu, vinyooshwe vidole viwili vitatu, nipigiwe makofi nishuke. Safi. Ila kabla ya kupanda, presha ikanipeleka chooni. (Wenye akili hapo mmeshaelewa, tulieni.)

Nikapanda. Watu wametulia ajabu, hakuna hata anayechezea simu, nikajisemea leo nimewakamata. Nikauliza kwa tabasamu, "Nani ameona kitu kisicho cha kawaida kwangu?"

Ukumbi mzima vidole juu.

Sasa mwenye busara angejitazama. Mimi nikaanza kubishana nao! "Haiwezekani bwana, Cornell wanasema chini ya robo!" Kimya. Nikaona sawa, kama wameona basi niwaoneshe vizuri, nikatoka nyuma ya meza nikaja mbele kabisa, mikono kiunoni, kifua nje. Nikasema, na haya ni maneno yangu mwenyewe hayajaongezwa kitu, "Nimevaa hivi makusudi. Nimejitazama kwenye kioo nikaridhika. Nilitaka nione mtavumilia mpaka saa ngapi."

Mtu wa safu ya pili akakohoa. Kijana mmoja akainamia daftari mabega yanatikisika. Mimi bado nimesimama pale, tena nikageuka ubavu kidogo ili na upande wa dirishani waone.

Ndipo mama mmoja mtu mzima wa mbele, mtu tunayemheshimu wote, akavua miwani akaangalia pembeni, akasema taratibu, "Mwanangu, kama ni makusudi tumeshaona. Sasa funga."

Nikainama. Zipu iko chini yote, halafu ncha ya shati imechomoza pale katikati kama ulimi wa mbwa aliyetoka kukimbia. Jamani.

Nikageukia ukutani nikafunga, ikakwama, ikafunga, nikarudi, nikasema tuendelee. Sauti haikuwa yangu.

Slaidi iliyofuata, naapa, ilikuwa ya jaribio la watafiti Latané na Darley, mwaka 1968: moshi unaingizwa kwenye chumba, mtu akiwa peke yake, 75% wanatoka kutoa taarifa, akikaa na wawili waliopangwa wajifanye hawaoni, ni 10% tu. Kila mmoja anamwangalia mwenzake, mwenzake katulia, basi na yeye anatulia. Nikaisoma yote nikiwatazama mmoja mmoja usoni. Hawakunitazama.

Mapumziko nikambana huyu ndugu wa voisi, kwa nini hukunipa hata ishara? Eti, "Kaka, nilijua wa mbele watakwambia." Nikawafuata wa mbele. Wa mbele walijua mwenyekiti atasema.

Nikawauliza na shati je? "Shati lipi?"

Hakuna aliyeona. Hata mmoja! Wengine hata nilipowaonesha lebo walidhani ndiyo fasheni yake.