Nyumba ya Mapinga na bei zake za jana

Ukienda kuangalia nyumba Mapinga au Kerege, kando ya barabara ya Dar es Salaam–Bagamoyo, dalali atakuonyesha kisima, nguzo ya umeme na umbali hadi kwenye lami. Muulize mwenye nyumba aliipata kwa shilingi ngapi, na mazungumzo yanapoa. Wengi wanaliona swali hilo kama utovu wa adabu. Mimi naona mnunuzi ana haki ya kuliuliza, ila asilisikilize jibu kana kwamba ni kipimo cha bei ya leo.

Wanaotaka bei za zamani ziwe wazi wana hoja nzito. Uingereza mtu yeyote anaweza kusoma nyumba fulani iliuzwa kwa bei gani na mwaka gani. Kwetu bei inabaki kati ya muuzaji, mnunuzi, dalali na mashahidi, na mwenye kuumia ni yule asiyejua. Mara nyingi huyo ni mzee aliyeuza shamba lake la mikorosho kwa ekari, bila kujua kwamba jirani yake tayari anauza kwa mita za mraba. Hilo linaniuma kuliko hasara ya mnunuzi yeyote kutoka mjini.

Lakini bei hizo zinasema nini hasa? Chukua mfano wa kubuni: kiwanja kilinunuliwa kwa milioni 4 mwaka 2013, na nyumba iliyojengwa juu yake ikauzwa milioni 60 mwaka 2023. Dalali atakwambia ardhi imepanda mara 15. Si kweli. Kati ya bei hizo mbili kuna saruji, nondo, bati na ujira wa mafundi, tuseme milioni 46. Shilingi nayo haikukaa palepale: mwaka 2013 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,600, na kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa imefika 2,500.

Halafu kuna mradi wa bandari ya Bagamoyo. Mkataba wa awali na Wachina ulitiwa saini Machi 2013, na Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyakataa masharti yake hadharani, na 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yatafufuliwa. Aliyenunua Zinga au Mlingotini, jirani na eneo la mradi huo, wakati wa jiwe la msingi alilipia matumaini pamoja na udongo. Bei yake ni ya kweli, lakini haimfundishi mnunuzi wa leo thamani ya eneo.

Lingine ni bei ya kwenye karatasi. Watu hukubaliana milioni 60 kisha wakaandika 30 ili kodi ipungue. Wanaotetea usiri husema kuanika bei ni kumwita mtoza kodi na ndugu wenye shida kwa pamoja, na hofu hiyo naielewa. Ila mnunuzi anayekubali kuandikiwa 30 amejifunga mwenyewe: siku atakapouza, faida yake kwenye vitabu itaonekana kubwa kwa milioni 30 ambazo hakuzipata.

Kwa hiyo ninachomshauri mnunuzi ni kuomba mikataba yote ya nyuma, kuanzia ya mwenye shamba wa kwanza, kwa ajili ya majina na sahihi zaidi kuliko bei. Jina moja likikosekana katikati, asitoe hata shilingi. Na kama nyumba ina hati, upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za umiliki, ufanyike kwa msajili wa hati.

Muuzaji pia anafaidika na karatasi hizo. Tangu Julai 2023, muuzaji mkazi wa Tanzania asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa kodi ya asilimia 3 ya bei au thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Mwenye kumbukumbu hutozwa asilimia 10 ya faida. Ikiwa nyumba ile ya mfano ilikuwa ya kupangisha, mwenyewe ametumia milioni 50, yaani 4 za kiwanja na 46 za ujenzi, na kuuza 60. Akiwa na risiti na mkataba wake wa 2013 analipa milioni 1. Akiwa amevipoteza, analipa milioni 1.8.