Tiba shufaa Kigoma: alama itolewe na nani?

Kila inapotajwa hapa Kigoma kwamba vikundi na vituo vinavyohudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona navyo vikaguliwe, watu hugawanyika upesi. Wapo wanaosema: hawa wanajitolea, wanapanda bodaboda kwenda kusafisha vidonda ambavyo hata ndugu wa damu wamevikimbia, halafu leo mnataka kuwapa mtihani? Wengine wanajibu kwamba tatizo liko hapohapo. Kwa kuwa ni watu wa wema, hakuna anayethubutu kuuliza wema wenyewe unafanywaje. Zahanati za vijijini zilishapimwa. Kuanzia mwaka 2015 serikali ilizipa nyota zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, kutoka sifuri hadi tano, na waliopata sifuri walipewa mpango wa kujirekebisha. Kwa nini anayemhudumia mtu katika wiki zake za mwisho asiulizwe chochote?

Mimi naelemea kwa hawa wa pili, ingawa hoja ya wale wa kwanza ina uzito kuliko wanavyoitetea wenyewe.

Tukumbushane kwanza kinachozungumzwa. Tiba shufaa ni huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mengine mtu mwenye ugonjwa mzito, iwe saratani, figo zilizoshindwa kazi au UKIMWI uliofika mbali, pamoja na kuwasaidia wanaomuuguza. Kwa sura yake ya kisasa ilianzia kwenye jengo: Cicely Saunders alifungua St Christopher's kule London mwaka 1967. Afrika ikaja na njia yake. Island Hospice ya Zimbabwe, iliyoanza mwaka 1979, iliweka nguvu zake katika kuwafuata wagonjwa majumbani, na Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993 alitegemea morfini ya maji, yaani unga wa dawa uliochanganywa na maji, wa bei ndogo, ambao mgonjwa anakunywa akiwa kwake. Kwetu Tanzania, hospitali za Ocean Road ya Dar es Salaam, Selian ya Arusha na Muheza ya Tanga ni majina yanayojulikana katika kazi hii. Lakini kwa familia ya Gungu au Mwandiga tiba shufaa haina jengo. Ni muuguzi mwenye begi, mhudumu wa afya wa mtaani, masista au akina mama wa jumuiya, na namba ya simu iliyoandikwa ukutani kwa mkaa.

Ugumu wa kuwapima watu hawa unaanza na aliyehudumiwa mwenyewe. Mgonjwa wa malaria akipewa dawa mbovu atarudi kugomba, au hatarudi tena na kituo kitaona. Huyu wetu harudi. Wanaobaki ni ndugu, na ndugu wana deni. Mtu aliyekuletea sabuni na unga wa uji, akakuonyesha namna ya kumgeuza baba bila kumchubua mgongo, halafu akaja msibani na kukaa mkekani na wafiwa, utamsema vibaya kwa lipi? Ukiulizwa utajibu walituhudumia vizuri, Mungu awabariki. Na hudanganyi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 100 wanaohitaji tiba shufaa ulimwenguni, wanaoipata ni 14 hivi. Aliyepata chochote anajilinganisha na jirani ambaye hakupata kitu, kwa hiyo shukrani yake ni ya kweli lakini haitupi kipimo.

Karatasi nazo zina maradhi yake. Miradi mingi ya huduma za majumbani ilikuja na fedha za wafadhili wa UKIMWI, na mfadhili hupenda kuhesabu: wagonjwa wangapi wamefikiwa mwezi huu, ziara ngapi, wahudumu wangapi wamepewa mafunzo. Ukitaka namba utapewa namba. Nimewahi kufungua daftari la ziara ambalo mwezi mzima umeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiotetereka, na kila mstari unaishia na "anaendelea vizuri". Mmoja wa walioendelea vizuri alifariki siku tatu baada ya mstari wake wa mwisho. Sisemi mhudumu hakwenda. Huenda alikwenda, akarudi amechoka, akajaza yote mwisho wa mwezi kwa sababu posho inafuata daftari. Lakini mkaguzi atakayelisoma daftari lile ofisini atatoa nyota nne bila kusita.

Hapo ndipo wale wa kwanza wangepaswa kusimama imara zaidi. Vipimo vikikosewa vinafukuza watu wazuri na kuwabakiza wanaojua kujaza fomu. Fikiria akina mama wa jumuiya katika kijiji cha mwambao, tuseme huko Kalya, kusini mwa mkoa. Hawana muuguzi mwenye leseni, hawaruhusiwi kutunza morfini, na hawana kabati la kufuli mbili ambalo dawa za aina hiyo zinadai. Mganga wa zamu yuko umbali wa safari ya boti. Ukiwapima kwa orodha iliyoandikwa kwa ajili ya hospitali ya mkoa kama Maweni watapata sifuri, wataambiwa wasimamishe kazi mpaka watimize masharti, na mzee wa nyumba ya tatu atabaki bila hata mtu wa kumpelekea maji ya kunywa. Kipimo cha namna hiyo kitakuwa kimeondoa huduma kwa jina la ubora.

Kwa hiyo kila mmoja aulizwe kwa kadiri ya alichoahidi. Mama wa jumuiya haulizwi habari ya morfini. Anaulizwa kama anamjua wa kumpigia maumivu yakizidi, na kama huyo akipigiwa anapokea.

Kwa kituo kinachojitambulisha kwa jina la tiba shufaa, hata hivyo, morfini haikwepeki, na ningeanzia hapo kabla ya kuangalia kingine chochote. Chukua mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi aliyerudi kutoka hospitali ya Bugando na chupa yake ya morfini. Ameelekezwa anywe kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na ile ya saa nne usiku iwe ya kipimo mara mbili ili alale hadi alfajiri. Binti anayemuuguza anapima kwa bomba la plastiki lililotolewa sindano, na kwenye ubavu wa boksi la biskuti amechora mistari mitano kwa kila siku, anakata mmoja kila anapompa. Boksi hilo ni rekodi bora kuliko daftari lolote la ofisini, na mkaguzi mwenye akili angeomba alione. Akiona mistari ya saa nne usiku haijakatwa atauliza, na huenda akaambiwa kwamba shangazi alikataza dawa ya usiku kwa kuamini itamuua mama usingizini. Basi kituo hakikukaa na shangazi kumweleza kwamba morfini ikitolewa kwa kipimo haimharakishi mtu kufa, wala mgonjwa wa maumivu hageuki teja. Ataiulizia pia chupa: ikiisha Jumamosi, nani anajaza, wapi? Na choo je? Morfini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo hutolewa siku ileile ya kwanza, isipokuwa kwa anayeharisha. Ukikuta mgonjwa ana siku sita hajapata choo na anasema tumbo linamuuma kuliko hata saratani, mtoa huduma huyo hajui kazi yake, hata awe na gari jipya lenye nembo mlangoni.

Maswali kama haya yana kitu ambacho nyota hazina: majibu yake hayapambiki kwa urahisi.

Marekani wana somo hapa, zuri na baya. Huko bima ya serikali ya wazee hulipia huduma hii kwa mgonjwa ambaye madaktari wamethibitisha kwamba ugonjwa ukiendelea kwa mwendo wake hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi sita, na malipo yanahesabiwa kwa siku. Malipo ya siku yaliwavuta wafanyabiashara, na baadhi yao wameshtakiwa kwa kuandikisha watu ambao hawakuwa mahututi. Lakini ni hukohuko walikobuni kipimo ninachokipenda kwa urahisi wake: je, muuguzi au mhudumu wa ustawi wa jamii alifika kwa mgonjwa angalau siku mbili kati ya tatu za mwisho wa uhai wake? Aidha, miezi michache baada ya kifo familia hutumiwa dodoso, na majibu ya wengi hujumlishwa na kutangazwa kwa kila kituo. Kigoma hatuna biashara ya kuogopa. Tunachoogopa ni kutelekezwa: mhudumu aliyekuja kila Jumanne kwa miezi miwili anapotea katika wiki ile ambayo mgonjwa anakoroma, hamezi, na watu wa nyumbani hawajui kama wamkimbize hospitali au wamwache apumzike. Kipimo cha siku tatu za mwisho kinaifaa Kigoma kama kilivyo, kwa nyongeza moja. Kwa vijiji vya boti, simu iliyopokelewa ihesabiwe kama ziara.

Na Afrika haijakaa bure. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika kina dodoso la maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza, kila moja kwa alama ya sifuri hadi tano. Linauliza maumivu na dalili nyingine, lakini pia kama mgonjwa ana hofu, kama ameweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, kama ana amani. Mwenye kuuguza anaulizwa kama amepewa maelezo ya kutosha na kama anajiamini kumtunza mtu wake. Ni chombo kizuri. Kasoro iko kwa anayeuliza. Akiwa ni sista yuleyule anayeleta dawa, mzee atasema hana shida, mwanangu, tunashukuru. Aulize mtu mwingine, matanga yakiwa yameshaisha, na asianze na "mliridhika?" Aanze na usiku mmoja: usiku ule mbaya kuliko wote, mlimpigia nani, na ikawaje?

Kuna jambo ambalo hakuna dodoso linalolishika vizuri, nalo ni ukweli kuhusu safari. Kutoka Kigoma hadi Ocean Road ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati, na Bugando kule Mwanza nako si karibu. Wakati mwingine safari inafaa kabisa: mionzi ya mara moja tu inaweza kutuliza maumivu ya saratani iliyoingia mifupani. Wakati mwingine familia inauza shamba kwa safari ambayo mgonjwa hatarudi. Mtoa huduma mzuri anakaa na wenye mgonjwa na kusema wazi safari hiyo itawapa nini na haitawapa nini, kisha anawaachia waamue. Wapo wanaokwepa mazungumzo haya kwa kusema "tumwachie Mungu", na wapo wa upande mwingine wanaomchukulia kila aliyeandikishwa kwao kama aliyekwisha kufa, hata akipata homa ya kutibika kwa sindano ya siku tano. Wote wawili wanaweza kuwa na madaftari safi.

Nigusie imani, kwa kuwa watu huniuliza. Vikundi vingi ni vya makanisa, na Ujiji ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara. Sala haina ubaya. Swali ni kama mgonjwa Mwislamu aliitiwa shehe wake, au alijikuta anaimbiwa pambio kwa kuwa ndio walioleta dawa.

Basi nani akague? Timu ya afya ya halmashauri ndiyo yenye mamlaka, lakini ikienda peke yake itarudi na hesabu ya makabati. Ningependa iende na mtu mmoja kutoka kamati ya afya ya kituo cha jirani, ikiwezekana aliyewahi kuuguza, na ipite nyumbani kwa familia chache zilizokwisha kuzika kabla haijafika ofisini. Matokeo ya mwaka wa kwanza yabaki kati ya kituo na halmashauri. Najua hapa napingana na wenzangu wanaotaka kila kitu kibandikwe ukutani, lakini katika mkoa wenye watoa huduma wa kuhesabika, kumtangaza mmoja kuwa ni mbovu ni kuwaambia wagonjwa wake wakae bila mtu. Mwaka wa pili yatangazwe.

Kinachobaki kunisumbua ni fedha. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, kazi nyingi za afya za ngazi ya jamii barani Afrika ziliyumba ndani ya wiki chache tu. Ukimtaka muuguzi apokee simu saa nane za usiku, kuna betri, kuna vocha, kuna mafuta ya pikipiki, na kuna asubuhi yake anayopaswa kuwa kazini saa moja na nusu. Halmashauri itakayopeleka wakaguzi na maswali yangu yote bila kutenga fungu la usiku kwenye bajeti yake itakuwa inamkagua muuguzi kwa kosa lake yenyewe, na katika ukaguzi huo nitakuwa upande wa muuguzi.